Mkono wa Akiba

4 Februari

Mjukuu wangu Mashoto,

Mimi ninayeandika barua hii nina miaka themanini na mbili. Nimeishi kuliko bibi yako, Mungu amlaze pema, kuliko kaka zangu wote, kuliko makatibu wa klabu ya tenisi waliokuja na suti wakaondoka na magonjwa, kuliko rola ya kwanza ya chuma ya kusawazishia uwanja, iliyokatika shingo mikononi mwangu, na kuliko yule daktari aliyeniambia nipunguze chumvi la sivyo mwaka mpya siuoni. Ni yeye ambaye hakuuona. Kwa hiyo mtu kama mimi akiuliza swali, anajibiwa.

Swali langu ni hili. Mbona huonekani?

Tunakutafuta kwenye televisheni ya kinyozi tangu mwaka jana haujaisha. Wanacheza wasichana wengine tu, warefu kama ngazi, kila wakipiga mpira wanapiga na kelele. Nimemwambia kinyozi abadilishe, akasema mzee hii ndiyo tenisi yenyewe. Nikamwambia tenisi bila mjukuu wangu ni watu wawili wanagombea mpira mmoja na mipira ipo ndoo nzima. Wateja walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio kidogo.

Naandika kwa mkono wangu. Kinyozi alitaka kuniandikia nikakataa. Shule niliacha darasa la pili, lakini mtu aliyechora mistari ya chokaa maisha yake yote na haijapinda, atashindwaje na mstari wa karatasi?

Usisahau ulikotoka. Ulikuwa huna meno ya mbele. Wanachama wakienda kula mchana nakuingiza uwanjani kwa mlango wa nyuma, nakusimamisha ng'ambo ya wavu, mimi huku wewe kule, tunatazamana, nakwambia nifuate mimi, ninavyofanya na wewe fanya. Mimi sikufundishwa na mtu, nilijifunza nikiwa nje ya uzio na ndoo ya maji mkononi. Na nilikuona palepale kuwa wewe ni mtu wa mkono wa kushoto. Mimi nina jicho. Makocha waliokuja baadaye na filimbi zao walikukuta umeshaiva.

Ile fainali naiona mpaka leo. Mpira wako wa mwisho, ule wa kupinda, yule msichana akaenda kulia mpira ukaenda kushoto, akabaki ameshika hewa. Kinyozi alizima mashine. Mtaa mzima ulipiga kelele. Walinibeba juu juu. Nilikuwa na miaka sabini na nikabebwa kama bwana harusi.

Jibu upesi. Mimi sina muda, ingawa ninao.

Babu yako,
Babu Rola


1 Machi

Shikamoo babu,

Barua yako imefika, umeikunja mpaka imekuwa kama kidonge. Nimeifungua taratibu nisiipasue.

Mimi mzima. Bega la kushoto linanisumbua kidogo ndiyo maana nimepumzika. Si jambo la kukutia wasiwasi. Nina miaka thelathini na nne sasa, na katika kazi hii huo ni uzee kuliko wako. Mashindano ya mwezi wa sita yakifika tutaona.

Nakaa ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kiwanja cha shule. Asubuhi watoto wanapiga mpira ukutani. Siku nyingine nafunga dirisha.

Uwanja wetu vipi? Bado unaumwagilia kabla jua halijawa kali? Nikikosa usingizi huwa nausikia mlio wa rola yako, ile kwii kwii, na ninalala. Nimecheza kwenye viwanja vyenye majukwaa mpaka mawinguni, lakini hakuna uliolainishwa kama wako. Sikusifu. Sifa unazo za kutosha, unazitengeneza mwenyewe.

Mjukuu wako


20 Machi

Mashoto,

"Tutaona" si jibu. Tutaona ni neno la katibu wa klabu ukimwomba rangi ya kiti.

Mimi nimeshawaambia watu. Mwezi wa sita unacheza. Kinyozi ataongeza viti na fundi viatu wa jirani amesema siku hiyo hafungui. Bega likande kwa maji ya moto na chumvi. Tumia ile chumvi niliyokatazwa mimi.

Umeuliza uwanja. Uwanja upo kama kioo. Wanachama wanajaa mpaka wanapanga foleni, nawafokea wanaoingia na viatu vichafu na wananiogopa. Katibu mpya ni kijana mwenye adabu, ananiita mzee wetu. Mlio wa kwii kwii hutausikia tena maana nimeitia rola grisi, lakini ukitaka nitaifuta.

Piga mazoezi. Usinitie aibu kwa kinyozi.

Babu Rola


12 Aprili

Dada Mashoto,

Mimi ni kinyozi, wa pale karibu na kwa babu yako. Ulikuwa unakuja dukani kwangu kupulizia watu poda shingoni. Tafadhali usimwambie kuwa nimekuandikia, atanihama, na mimi sitaki kumpoteza mteja asiye na nywele.

Dada, klabu imefungwa, huu mwaka wa tatu. Wanachama wengine walihama, wengine walifariki, aliyenunua kiwanja hajatokea. Geti lina mnyororo. Paa la chumba cha kubadilishia nguo limeanguka. Lakini babu yako anaingia kila asubuhi kwa pale ukuta ulipobomoka. Anamwagilia, anavuta rola, anachora mistari, anafunga wavu. Anakaa kwenye kiti cha mwamuzi mpaka jua likolee. Halafu anafungua wavu, anaukunja, anakuja kwangu kunyolewa. Napitisha wembe hewani, ananishukuru.

Nilimuuliza mzee, unamtengenezea nani na klabu imekufa? Akaniambia, "Klabu imekufa, mwenye uwanja yupo."

Sasa anatangaza kila mahali kuwa unacheza mwezi wa sita. Na juzi redio ilitaja jina lako ikataja na upasuaji. Niliizima haraka. Akauliza mbona umezima. Nikasema betri zimeisha. Akaniambia, "Hiyo redio ni ya umeme." Alikaa palepale mpaka nafunga duka.

Kama ni kweli, mwambie wewe. Mimi sina mdomo huo.

Kinyozi wako


3 Mei

Shikamoo babu,

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena.

Sitacheza mwezi wa sita. Sitacheza tena. Bega lilipasuliwa mwezi wa kwanza, ni mara ya pili, na daktari amesema mkono wa kushoto hautapanda kupita sikio. Hata nywele nafungwa na jirani, zinataka mikono miwili. Watatangaza wiki ijayo, nikaona usisikie kwa watu.

Makombe yapo sebuleni, nimeyafunika shuka. Raketi nimezifungia kabatini na ufunguo nimempa huyo jirani, nimemwambia hata nikimlilia asinipe. Sitaki kushika raketi tena, babu. Tangu nina miaka sita sijawahi kuwa mtu mwingine. Mtu akiniuliza wewe nani, nilikuwa nanyanyua mkono, basi, anajua. Sasa haunyanyuki, na mimi sina jibu.

Ila kuna jambo lazima nikwambie. Kuna mama mmoja hospitali ananifanyisha mazoezi ya viungo. Juzi alinirushia chungwa bila kuniambia, nikalidaka. Akasema, "Mbona umedaka na wa kulia?"

Nikamwambia, "Ndio mkono wangu. Naandika nao, nakula nao."

"Na tenisi?"

"Wa kushoto."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Babu yangu."

"Alisimama wapi akikufundisha?"

Nikanyoosha kidole mbele yangu nimwonyeshe, na hapo ndipo nikaona. Babu, ulisimama mbele yangu! Ng'ambo ya wavu, tunatazamana, nifuate mimi. Wewe umeshika raketi na mkono wa kulia, na mimi nikanyanyua ule uliokuwa upande uleule na wako, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Sikuwahi kujiuliza. Dunia nzima inaniita mashoto, na mimi si mashoto!

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu nilazwe. Halafu nikalia, na hapo sikuweza kujizuia.

Nisamehe kwa kukuficha. Na pole kwa viti vya kinyozi.

Mjukuu wako


19 Mei

Mashoto,

Sikukosea.

Mwambie huyo mama wa machungwa kuwa mimi uwanjani sikosei. Nilisimama mbele yako kwa sababu wavu ulikuwa katikati. Alitaka nisimame wapi, juu ya paa?

Habari ya bega niliijua. Redio ya umeme haiishi betri. Nilikaa pale nikisubiri kinyozi aniambie, hakusema. Mtu mwema yule, ila uongo hauwezi. Barua yako ilipofika nilikwenda uwanjani nikavuta rola mpaka mchana. Sikulia. Ni jasho liliingia machoni.

Sasa nisikilize. Unasema mkono haunyanyuki. Upi? Huo wa kulia miaka yote hii umekaa unafungua milango na kushika vijiko. Haujachoka. Haujachomwa sindano hata moja. Ni mpya kabisa huo, bado una karatasi ya dukani.

Njoo. Ila uje asubuhi, kabla wanachama hawajajaa.

Babu yako


2 Juni

Shikamoo babu,

Nitakuja. Nakuja kukuona wewe, siji kucheza. Usinipangie jambo, nakujua.

Unaona kama ni kubadili mkono tu. Babu, kushindwa nakujua, nimeshindwa kwenye viwanja vikubwa na watu wakashangilia. Kutojua ndiko sikuzoea. Mtu aliyekuwa juu kama mimi arudi kufundishwa kushika mpini mbele za watu, akose mpira kama mtoto, hiyo siwezi kuibeba. Afadhali nibaki yule aliyekuwa akijua.

Raketi siji nayo. Wasalimie wanachama, waambie wasinisubiri.

Mjukuu wako


9 Septemba

Shikamoo mume wangu mzee,

Nimerudi salama kutoka kwako siku nyingi na sikuandika. Nilikuwa na kazi. Ufunguo nimeuchukua kwa jirani. Kwanza alikataa, akasema mwenyewe uliniambia hata ukilia nisikupe. Nikamwambia, sasa nacheka.

Unakumbuka wale watoto wa chini ya dirisha? Nilishuka. Nikaomba nafasi ukutani, napiga na wa kulia. Hawakunijua, walimjua mashoto wa kwenye picha. Kuna kabinti kamoja ka darasa la nne kalinishinda, kakaniambia, "Usijali shangazi, utazoea." Siku mwalimu mkuu aliponitambua nusura adondoshe miwani. Sasa nawafundisha kila jioni. Nasimama mbele yao, halafu nakumbuka, nakimbia kusimama pembeni, wananicheka.

Mtoto akikosa mpira akitaka kwenda nyumbani, namhadithia asubuhi yetu ya uwanjani kwako. Hawaamini! Wanasema mwalimu unatudanganya ili tusijisikie vibaya, bingwa hawezi kukosa hivyo. Nakuomba uiandike kama ulivyoiona. Mimi nilikuwa ndani yake, sikujiona. Nitawasomea.

Andika kweli, babu. Safari hii punguza chumvi.

Mjukuu wako, mkono wa kulia


30 Septemba

Watoto,

Mimi ndiye niliyemfundisha mwalimu wenu. Kaeni vizuri.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi na begi dogo, mkono wa kushoto ameuweka mfukoni kama mtu aliyeficha kitu. Alilala, akaamka, akanywa chai. Nikamwambia twende nikuonyeshe uwanja. Akasema, "Babu, nilikuandikia nini?" Nikamwambia kutazama si kucheza. Kinyozi akatufuata amebeba kiti, nikamuuliza wewe unakwenda wapi, akasema anakwenda kupunga upepo. Mtu ana feni mbili dukani.

Kwenye geti aliona mnyororo. Hakuuliza. Tukapita pale ukuta ulipobomoka. Nyasi zilimfika kiunoni, mabati ya paa yamelala chini, akawa anakanyaga taratibu. Halafu nyasi zikaisha, uwanja ukaanza. Mwekundu, umelowa kidogo, mistari myeupe, wavu umekazwa. Mwalimu wenu akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nimemwona anapewa kombe na watu wakubwa na hakuziba mdomo. Akasema kwa sauti ndogo, "Babu, wanachama wako wapi?"

Nikamwambia, "Wamechelewa."

Akacheka machozi yanatoka. Mimi nikaenda upande wangu wa wavu. Nilikuwa nimetoa stoo raketi mbili za mbao, nyuzi nimekaza mwenyewe. Ya kwake niliiegemeza kwenye wavu. Ya kwangu nikaishika na mkono wa kushoto.

Hapo alikodoa macho. Maana tangu ile barua ya bega nilikuwa najifunza, kila asubuhi nikimaliza rola, mkono wa kushoto, mzee mzima. Nilijipiga goti. Nilijipiga paji la uso, kinyozi akauliza nimepigana na nani, nikasema wewe nyoa. Nilitaka safari hii akinifuata aende kulia. Nikamwambia, "Nifuate mimi."

Alisimama. Alisimama mpaka nikadhani anageuka aondoke, na kama angeondoka nisingemwita. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa meno ya mbele hayapo. Halafu akainama, akaiokota. Na wa kulia.

Mpira wa kwanza aliukosa. Hakuugusa hata kidogo, alijizungusha kama mlango kwenye upepo. Wa pili ukapiga nguzo. Wa tatu uliingia kwenye nyasi na mpaka leo uko huko. Mwingine ulimpata kinyozi begani, akasema, "Dada, mimi nimekuja kupunga upepo, sikuja kuwa nguzo." Na mimi nilikuwa nakosa ya kwangu. Mngetuona mngedhani ni watu wawili wanafukuza nyuki. Alikuwa hataki kumtazama kinyozi. Raketi ikamponyoka, ikaanguka mbele yake, akaitazama. Nikamwambia pumzika mama, tutaendelea kesho.

Akaiokota. Akasema, "Hapana. Tupa."

Nikatupa, akakosa. Akasema tupa. Nikatupa, akakosa. Jua limeshapanda juu ya ukuta, mgongo wake umelowa, akasema tupa.

Nikatupa. Sasa hapa sijui alifanya nini. Mimi nina jicho, lakini hapa sijui. Bega la kulia liligeuka polepole kama geti zito likifunguliwa na mwenye nyumba, na mlio ukatoka. Ule mlio mnene, mmoja, niliokuwa nausikia miaka ile nikiwa na ndoo, najua bila kugeuka kwamba ni yeye. Ulikuwa umehamia mkono mwingine. Mlio uleule. Mpira ukanipita kwapani, ukagusa kona kwenye mstari, chokaa ikaruka kama moshi. Sikuufuata. Nilikuwa bado nautazama ule mkono. Kinyozi alisimama, akavua kofia, akasahau kuivaa.

Watoto, mimi nilimwona mwalimu wenu akinyanyua kombe. Nilifurahi, nikabebwa, lakini sikushangaa, maana nilijua atalinyanyua. Siku hii ndiyo nilishangaa. Mtu ambaye dunia ilimpigia makofi alikosa mpira mbele ya kinyozi, akakosa tena, akasema tupa. Katika umri wangu wote sijaona mtu mkubwa kama yule aliyesimama pale na raketi ya mbao, anakosa.

Watu wanasema nilikosea kumfundisha mkono. Sikukosea. Nilimwekea mmoja akiba.

Kama bado mnabisha, kamuulizeni kinyozi, alikuwepo na bega lake lilikuwa na doa la bluu. Msikubali awanyoe, siku hizi akisimulia habari hii anasahau wembe uko sikioni mwa mtu. Mwingine ni huyo anayewasomea. Mtazameni usoni sasa hivi. Na kama hao hawawatoshi, ipo alama. Kwenye udongo mpira ukianguka unaacha alama, na kazi yangu mimi maisha yote ni kufuta alama za mipira. Ile ya kwenye kona sijaifuta. Kila asubuhi navuta rola, nikifika pale nazunguka. Mvua ikitisha, naifunika na beseni la marehemu bibi yake. Njooni mfunue muone.

Babu Rola